‘Jambo Bwana’ una mwenyewe. Na wako je?

Hebu fanya jaribio hili. Simama steji ya Bombolulu saa kumi na mbili jioni, matatu za Mtwapa zikigombea abiria, uwaulize watu kumi nani alitunga ‘Jambo Bwana’. Wengine watakwambia ni wimbo wa watalii. Mmoja ataapa ni wa Boney M. Na hutakosa wa kukwambia kwamba haukutungwa na mtu, ulikuwako tu, kama nyimbo za harusi.

Una mwenyewe. Aliutunga Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu kutoka Pwani hii hii, ukatoka kwenye sahani ya santuri mwaka 1982. Enzi hizo walikuwa wakipiga kwenye mahoteli ya ufuo wa kaskazini, barabara hii hii inayopita Bombolulu, na waliona jinsi wageni walivyofurahia kujifunza salamu mbili tatu za Kiswahili. Mwaka uliofuata Boney M, waliokuwa moto dunia nzima, wakatoa wa kwao. Mombasa Roots wakaurekodi. Safari Sound Band pia. Baada ya hapo hesabu ikapotea.

Sasa ukiwasha runinga sikukuu ya taifa, ukamwona mkongwe wa Pwani amealikwa kuimba moja kwa moja, gitaa begani, mtangazaji akimwita “gwiji” kila baada ya sentensi, usiishie kupiga makofi. Jiulize: ule wimbo anaouimba ni wake? Manake kuuimba na kuumiliki ni mambo mawili, na wengi wetu hatujui.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inautazama wimbo mmoja kama vitu vitatu. Kuna maneno na mdundo, ambavyo ni mali ya aliyetunga, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuna rekodi, ambayo ni ya aliyegharamia na kupanga kurekodi, na mara nyingi huyo si mwimbaji. Halafu kuna ule uimbaji wenyewe, sauti yako na vidole vyako kwenye nyuzi, na hapo mwimbaji ana haki zake. Kwa hiyo mkongwe akiimba laivu, mtunzi anadai mrabaha hata kama yuko kwake amelala. Mwenye rekodi ya zamani hadai kitu, kwa sababu rekodi yake haikuchezwa. Na runinga haifai kumrekodi mwimbaji bila idhini yake.

Hapo kwenye idhini ndipo wengi wanapoumia. Mzee anapigiwa simu, anatumiwa nauli, anaimba dakika ishirini. Ile video inarushwa tena Krismasi, inarushwa tena Pasaka, kisha inakaa YouTube ikiingiza matangazo miaka nenda miaka rudi. Aliulizwa? Labda alitia saini karatasi pale mlangoni, miwani ameisahau nyumbani. Sisi tunasema hivi: kituo kinachomwita mtu gwiji kinaweza pia kumwandikia ukurasa mmoja unaosema video itarushwa mara ngapi, itapakiwa wapi na kwa pesa gani. Heshima ya mdomo haijazi sufuria.

Usidhani ni shida ya Afrika pekee. John Fogerty, yule mwanaroki wa Creedence Clearwater Revival, alitunga nyimbo zilizotikisa Marekani, lakini mkataba aliotia saini akiwa kijana uliziacha mikononi mwa kampuni ya Fantasy. Uchungu ulimfanya akatae kuziimba jukwaani miaka mingi. Kisha Fantasy wakamshtaki kwamba wimbo wake mpya umefanana na wa zamani, yaani, wallahi, alishtakiwa kwa kufanana na yeye mwenyewe! Mwaka 1988 aliingia mahakamani na gitaa, akawaonyesha wazee wa baraza anavyotunga, akashinda. Sehemu kubwa ya haki za utunzi aliipata mwaka 2023, akiwa na miaka 77. Hata hivyo, zile rekodi za zamani hazikuwa zake, ndiyo sababu alirudi studio kurekodi upya nyimbo zake mwenyewe, zikatoka mwaka 2025. Juni ya mwaka huo, akiwa na miaka 80, alipanda jukwaa la Glastonbury na kuzipiga kama mwenye mali.

Yeye alikuwa na mawakili na umri mrefu. Wetu je? Chukua ‘Malaika’. Fadhili William ndiye aliyeurekodi na Jambo Boys, Miriam Makeba akausambaza duniani, na hadi leo kuna wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim na wengine Grant Charo. Wimbo unaojulikana kila bara, na bado watu wanabishana ulitoka kwa nani. Karatasi moja yenye tarehe ingetosha.

Na wewe, barobaro unayerekodi kwenye chumba kimoja huko Bombolulu, magodoro ukutani, feni imezimwa isiingie kwenye maiki, karatasi yako iko wapi? Biti ni ya nani, yako au ya prodyuza? Chaneli ya YouTube imefunguliwa kwa barua pepe ya nani? Yule mshikaji aliyekupa kiitikio anapata asilimia ngapi? Mkiwa marafiki maswali haya yanaonekana ya kishamba. Ngojeni wimbo ushike.

Hakimiliki unayo tangu siku unaporekodi au kuandika, hata bila kujisajili. Lakini siku ya ubishi utahitaji ushahidi, na cheti cha Bodi ya Hakimiliki (KECOBO), ambacho unaweza kuomba mtandaoni, kinasaidia sana. Kumbuka pia kwamba kisheria umiliki hauhamishwi kwa maneno matupu, lazima iwe maandishi na saini. Kwa hiyo anayedai ulimuuzia wimbo mkiwa mnakula viazi karai, mwambie alete karatasi. Na akikuletea ya kutia saini, tafuta neno “kuhamisha” au “milele” kabla hujashika kalamu. Kumruhusu mtu autumie wimbo wako miaka miwili si sawa na kumpa.

Vyama vya kukusanya mirabaha ni hadithi nyingine, na vurugu zao za leseni zinachosha hata kuzifuatilia. Kabla ya kujiunga, uliza KECOBO ni chama kipi kina leseni mwaka huo. Watunzi wana chama chao, waimbaji na wapigaji ala chao, wenye rekodi chao, na kama wewe ndiye mtunzi, mwimbaji na uliyelipia studio, basi una milango mitatu ya kubisha.