Nani Anashika Daftari ya Mji?



Mtu akifa leo Katuba au Kenya, nani anafika wa kwanza? Si serikali. Si kampuni. Anafika mwandishi wa shirika la kwao, ameshika daftari kwapani. Anafungua, anasoma majina: huyu ametoa, huyu hajatoa bado. Kabla ya jua kuzama viti vimekodiwa, sanduku limelipwa, unga umepikwa. Mjane hajaombwa hata franka moja. Tunaandika jambo hili kwanza, ili mtu asiseme gazeti letu linachukia mashirika. Hatuyachukii. Bila hayo wengi wetu tungezikwa kama mbwa.

Lakini tuifuate daftari ile mpaka ukurasa wa mwisho. Kwa nini jina la jirani halimo, yule anayekaa mlango kwa mlango na marehemu miaka ishirini? Kwa sababu baba yake alitoka Kasai, na marehemu alitoka Luapula. Jirani ameleta maji, ameleta makaa, amelala nje usiku wote wa kilio, daftari haimjui. Na kesho bomba la maji likikauka barabara nzima, shirika la Wabemba halina neno, la Waluba halina neno, la Wasanga halina neno, la Wasongye vile vile. Bomba halina kabila, basi hakuna wa kulililia.

Nani alitupanga hivi?

Mji huu haukuzaliwa na kabila moja. Ulizaliwa na mgodi. Union Minière iliundwa 1906, reli ya kutoka kusini ikafika Elisabethville 1910, na watu wakaletwa kwa maelfu: kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Kasai, Maniema, na baada ya 1925 kutoka Ruanda-Urundi pia. Hata Kiswahili hiki tunachoandika, wachache tu kati ya baba zetu walikinyonya kwa mama; wengine walijifunza kazini, mbele ya tanuru. Mkubwa wa kambi watu walimwita changachanga, yule anayechanganya watu. Aliwachanganya, ndiyo, wakae nyumba kwa nyumba na wapokee posho moja. Kuungana hakuwaruhusu. Mpaka 1946 mtu mweusi hakuwa na haki ya kuunda sindika. Shirika la kabila aliruhusiwa, chini ya macho ya Wabeleji. Kuzika, haya, zikeni. Kucheza ngoma Jumapili, chezeni. Kuuliza habari ya mshahara, hapana.

Wabeleji hawakuwa wajinga. Walijua wanaogopa nini, na Desemba 1941 waliona kwa macho yao. Vita ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu, na mshahara umebaki chini. Wafanyakazi wa Union Minière wakaacha kazi, wakakusanyika katika kiwanja cha mpira Elisabethville. Hawakuulizana kabila pale. Walitaka nyongeza, hayo tu. Tarehe 9 Desemba askari wakapiga risasi. Léonard Mpoyi, karani, mmoja wa wasemaji wao, akauawa pamoja na makumi ya wenzake. Hesabu ya wakubwa na hesabu ya watu hazijapatana mpaka leo. Hakuna shirika la kabila lililowahi kupigwa risasi kwa kukusanya mchango wa kilio. Fikirini kwa nini.

Baadaye mashirika yale yale ya kuzika yalifundishwa kazi nyingine. Desemba 1957 watu wa Elisabethville walipiga kura mara ya kwanza kuchagua wakubwa wa komini zao. Wengi waliochaguliwa katika komini za weusi walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga. Si ajabu, maana katika mji wa wageni ni mgeni anayejaa. Lakini wenye kujiita wenyeji wakachoma moyo, na Oktoba 1958 mashirika yao ya kabila yakafungwa pamoja yakawa Conakat. Walowezi wakaona nafasi, wakasogea karibu. Shirika la Waluba wa Katanga liliingia humo 1959, likatoka mwaka ule ule. Tarehe 11 Julai 1960, uhuru haujafikisha wiki mbili, Katanga ikakatwa na Kongo, na Union Minière ikalipa kodi zake kwa wale waliokata. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikuwa wamejazana katika kambi ya Umoja wa Mataifa pembeni ya mji, wakiogopa majirani zao wenyewe.

Kumbe daftari ya michango inaweza kugeuka kuwa daftari ya kufukuza. Ina majina, ina barabara, ina namba za nyumba.

Na haikuishia pale. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wa asili ya Kasai walitolewa Likasi na Kolwezi kwa mamia ya maelfu. Waliitwa bilulu, wadudu. Walikaa katika vituo vya gari la moshi wakingoja behewa, watoto wakafa pale pale kwa njaa na kuhara. Wengine walitolewa nyumbani na watu walioshuka nao shimoni. Basi tuulize kama wafanyakazi wanavyouliza: aliyebaki alipata nini? Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kila mwaka. Mwaka 1994 haikufika tani 50,000. Hatusemi ni kufukuzwa peke yake kulikoiua. Mgodi wa Kamoto ulibomoka 1990, na wakubwa wa Kinshasa walikuwa wamekwisha kula mtaji. Tunasema tu kwamba aliyeingia katika nyumba ya Mkasai hakuingia katika mshahara wake. Mshahara haukuwako tena. Na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa fedha za Banki ya Dunia, wanaojiita wenyeji na wanaoitwa wageni mlango mmoja.

Baba zetu walisema: kazi njo baba, kazi njo mama. Baba na mama walipokufa, nyumba ya masomo ikapasuka bati, lupitalo ikakosa dawa, na katika fasi ile tupu wakaingia ONG.

Hapa tuseme kwa haki. Kuna ONG zinazofanya kazi ya kweli. Zimeleta hadharani mikataba iliyofichwa, zimesimama na wachimbaji wa mikono mbele ya hakimu, zimeandika majina ya watu ambao shamba lao limefunikwa na udongo wa mgodi. Wengine kati yao wametishwa kwa kazi hiyo, na hatutawatukana hapa. Lakini nyingi hazina wanachama. Zina mfadhili. Mwanachama anaweza kuinuka katika mkutano aseme, onyesha risiti. Mtu wa Kasulo, Kolwezi, ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti chini ya sakafu za nyumba zao, ameandikwa katika ripoti ngapi? Na ngapi zimerudi kwake kwa Kiswahili, azisome mwenyewe? Mradi unafika na gari, unakaa miezi kumi na minane, unaondoka na gari. Kibao kinabaki.

Na vibao vya kampuni je? Kila msomaji anakijua kisima kimoja chenye kibao kikubwa cha rangi, jina la kampuni juu, na mpini wa pampu umekatika. Tunapiga picha mbele yake, tunasema asante. Asante ya nini? Sheria ya migodi iliyobadilishwa Machi 2018 haikuandika zawadi. Imeandika deni. Kampuni ya mgodi inapaswa kutoa angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Kampuni inayouza kwa dola milioni 1,000 kwa mwaka inadaiwa milioni 3. Tena katika ada ya madini, kila franka 100 zinazolipwa, 50 ni za serikali ya juu, 25 za jimbo, 15 za komini au sekta mgodi ulipo, na 10 za mfuko wa vizazi vijavyo. Kumi na tano zile ni zetu, mwenyeji na mgeni sawa. Sheria haikuuliza babu yako alizikwa wapi.

Lakini watu wa kuidai wako wapi? Kampuni ikitaka kusema na wananchi, inaita machifu na marais wa mashirika ya kabila, mmoja mmoja, kila mtu na bahasha ya usafiri wake. Huyu anaomba nafasi za kazi kwa watoto wa kwao, yule naye kwa wa kwao. Wanatoka wanatazamana kwa jicho baya, na kampuni haijafungua hesabu.

Na sisi wa vyama vya siasa tusijitakase. Wakati wa kura tunakimbilia wapi? Kwa mashirika yale yale, na vitambaa na bia, kwa sababu ndiyo njia nyepesi ya kupata watu elfu siku moja. Chama chetu kimefanya hivyo. Tunakiandika hapa, na wakubwa wetu wakikasirika wakasirike.

Tutafanya nini basi? Tazameni wamama wa soko. Anayeuza unga, anayeuza samaki wa Kasenga, anayeuza nguo za mitumba wako katika likelemba moja. Mmoja ni Mlunda, mwingine Mkasai, mwingine Mhemba. Hawaulizani kijiji. Wanaulizana kama Jumamosi fedha itakuwako. Hakuna mfadhili aliyewafundisha, na asiyelipa anajulikana kabla ya jioni. Wanaume wenye diploma wanawacheka wamama hawa, nao ndio peke yao katika mji huu wanaofunga hesabu kila wiki.

Basi likelemba ile iingie katika barabara. Mashirika ya kuzika yabaki, yazike. Karibu nayo tuweke daftari ya barabara: kila nyumba jina moja, mpangaji na mwenye nyumba sawa, mchango mdogo ambao hata mtu asiye na kazi anauweza. Mwandishi abadilishwe kila mwaka. Hesabu isomwe kwa sauti, nje, chini ya mwembe, kwa Kiswahili. Fedha ya kampuni isiingie humo, wala ya chama chochote, hata chetu. Barabara kumi zikishakuwa na daftari, zitume watu kumi kwa mkubwa wa komini.

Wasiende kuomba kisima. Waombe karatasi moja, ibandikwe ukutani mwa ofisi ambapo kila mtu anaweza kuisoma: mwaka uliopita, komini ilipokea franka ngapi za ada ya madini, tarehe gani, na zilitumiwa kwa nini. Wakijibiwa warudi kesho, warudi kesho. Karatasi ikibandikwa, leteni nakala kwetu; tutaichapa ukurasa wa kwanza, na jina la komini juu yake.