Kuhamisha Kinga ya Kompyuta

Tangu Microsoft ilipokoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi kuukuu zahitaji kubadilishwa. Anayeiuza yake huko Buyenzi bila kuondoa leseni ya programu ya kuzuia virusi humwachia mnunuzi ulinzi alioulipia mwenyewe.

Kwanza, andika katika daftari la nyumbani nambari ya leseni na barua pepe uliyojiandikishia. Pili, iondoe kompyuta ya zamani katika akaunti yako, kisha uifute programu. Leseni ya kompyuta moja hailindi mbili. Tatu, pakua programu hiyo katika tovuti ya watengenezaji, wala si kwa flashi ya kuazima, uingize nambari ile ile. Muda hauanzi upya: utaendelea na siku zilizosalia. Yasome masharti mapema, kwani baadhi ya leseni zinazouzwa pamoja na kompyuta hazihamishiki.

Kabla ya kuuza, hamisha na kufuta picha za watoto na hati za pensheni. Askari aendaye kambini amwachie mwenziwe daftari hilo. Mali bila daftari hupotea bila habari.