Kicheko Hicho Kinamcheka Nani?

Juni 2024 nilikuwa kibarua kwa godauni moja Industrial Area. Chuo nilikuwa nimeacha, karo imenishinda. Kwa ukuta kulikuwa na redio, na kila mtangazaji akitaja Mswada wa Fedha, supavaiza anainuka polepole anabadilisha stesheni. Rhumba. "Vijana, hii ndio ya kazi." Ukweli mchungu ni kwamba tulifunga makatoni haraka zaidi.

Tangu hapo siwezi kumeza ile ngano tamu ya Uingereza ya Vita vya Pili: ati mabomu yalianguka, redio ikaimba, watu wakapata moyo. Hebu pitia siku moja ya 1941. Saa mbili na robo asubuhi, BBC inakuletea The Kitchen Front: namna ya kupika chakula cha mgao. Saa nne unusu, Music While You Work: nusu saa ya muziki mfululizo, kisha inarudi tena saa tisa alasiri. Wakati wa chakula cha mchana kuna Workers' Playtime, waimbaji na wachekeshaji moja kwa moja kutoka kantini ya kiwanda.

Huo muziki wa viwandani haukuwa zawadi. Ulianza Juni 1940, Ufaransa ikiwa imeanguka, na kazi yake ilikuwa kuzuia mikono isilegee. "Deep in the Heart of Texas" ilipigwa marufuku kwenye kipindi hicho kwa sababu ina makofi, na mfanyakazi akipiga makofi ameachilia kazi. Mwaka 1942 BBC ikaanza kuchuja nyimbo za mapenzi zenye majonzi mengi, zisije zikalegeza watu. Yaani hata kulia kulikuwa na masharti.

Najua utaniuliza: ulitaka watu wakae gizani wakihesabu maiti? Hapana. Mama aliyelala kwenye kituo cha treni cha chini kwa chini, akaamka akaenda kutengeneza risasi, alihitaji kucheka. Hata sisi tulihitaji. Ninachokataa ni kuambiwa vicheko vyote ni ndugu.

Kwa sababu redio hiyo hiyo ilikuwa na ITMA. Vita vilipoanza, Tommy Handley alijifanya waziri wa wizara ya kubuni, tuite Wizara ya Kero na Mafumbo. Ofisi zilizomwaga fomu na makatazo zikachekwa nchi nzima, kwenye redio iliyokuwa ikichujwa. Aliyeamriwa kuzima taa na kupimiwa siagi alimsikia mpimaji akifanywa kichekesho. Hiyo si dawa ya usingizi. Hiyo ni kumwambia msikilizaji: hauoni vibaya, hii kitu ni ya ajabu kweli.

Kwa hivyo siku ngumu ukiletewa burudani, usiulize kama inafurahisha. Uliza nani ameileta, na nani anachekwa.

Wiki hiyo godauni, stesheni ilipobadilishwa tena, jamaa mmoja alipanda juu ya makatoni akaanza kuiga mheshimiwa akitueleza vile ushuru utatunufaisha. Tulicheka mpaka kazi ikasimama. Rhumba iliendelea peke yake kwa muda. Kisha supavaiza, bila neno, akaizima redio.