Mtoto akikutwa na bunduki, mzazi ana kesi?

Nikiwa darasa la sita, binamu yangu wa miaka 13 alituonyesha bunduki ya baba yake. Aliivuta tu kutoka chini ya kitanda. Bahati haikuwa na risasi. Baba mdogo aliporudi alimchapa mwanawe. Yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza kitu.

Nimelikumbuka hilo nikisoma sheria ya jinai. Kule Oxford, Michigan, tarehe 30 Novemba 2021, kijana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wenzake wanne kwa bastola aliyonunuliwa na baba yake siku nne tu kabla. Asubuhi ile ile shule iliwaita wazazi ikawaonyesha mchoro wake wa bunduki. Hawakumrudisha nyumbani, wala hawakusema kuna silaha. Mwaka 2024 baba na mama, kila mmoja kwa kesi yake, walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kifungo: miaka 10 hadi 15.

Wapo wanaosema wamebebeshwa kosa la mtoto. Hapana. Wamefungwa kwa uzembe wao wenyewe.

Kwetu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amlinde mtoto dhidi ya hatari za kimwili na kimaadili. Bunduki chini ya kitanda ni hatari, hilo halihitaji wakili. Mwenye leseni aliyeiacha wazi ajibu mahakamani, awe mkulima au mheshimiwa.

Lakini vijana wenzangu, hapa tuwe macho. Mama muuza vitumbua ambaye mwanawe kapewa gobore na genge la mtaani, na yeye hana habari, hana kosa. Jinai hairithiwi, haipandi kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Mwendesha mashtaka athibitishe kwamba mzazi alijua au alipaswa kujua, na kwamba angeweza kuzuia. Kumweka mama mahabusu ili kijana ajisalimishe si uwajibikaji, ni kushika mateka. Na hilo genge lilipata wapi silaha? Hilo ni swali la serikali, lisifichwe nyuma ya hotuba za malezi.

Tunataka sheria itenganishe hayo mawili waziwazi. Na kama mzee wako ana bunduki nyumbani, leo jioni muulize: imefungiwa wapi, na ufunguo anao nani?