Hyacinth hakufa, aliyefariki ni Patricia

Wadau, leo nina deni la kulipa.

Ijumaa ya Oktoba 3, 2025 nilikuwa zamu ya jioni kwenye dawati la habari za kimataifa. Ikaingia taarifa kutoka mashirika ya habari: mwigizaji wa Uingereza, Patricia Routledge, amefariki dunia akiwa na umri wa miaka 96. Ukurasani ilibaki nafasi ya aya tatu. Nikaandika aya tatu, na juu yake nikaweka kichwa cha habari: "'Hyacinth' afariki dunia". Mhariri wa zamu akapita, akasoma, akasema safi, peleka. Gazeti likatoka.

Hakuna msomaji aliyelalamika. Lakini kile kichwa kinanikera hadi leo. Tulimtangaza mhusika, mtu mwenyewe tukamwacha.

Kwa ambao hawakuwahi kumwona: Hyacinth ndiye mama wa kati katika Keeping Up Appearances, vichekesho vya BBC vilivyoandikwa na Roy Clarke na kurushwa kuanzia 1990 hadi 1995. Mimi nilivikuta YouTube nikiwa chuo, wiki ya mitihani, msiniulize matokeo. Jina la ukoo la mumewe ni Bucket, yaani ndoo. Yeye anataka kila mtu atamke "Bouquet", yaani shada la maua. Hapo ndipo kila kitu kinaanzia. Nyumbani ana vikombe vya kaure vya bei mbaya, na jirani yake Elizabeth akikaribishwa chai anatetemeka mpaka kikombe kinamponyoka. Simu ya mezani ikilia anaipokea kana kwamba anayepiga ni Malkia. Na kosa lake kubwa ni kwamba ana ndugu. Dada zake Daisy na Rose wanaishi kwenye nyumba ya hovyo, na shemeji yake Onslow anashinda na singlendi, bia mkononi. Hyacinth anawapenda, hilo msilisahau, ila anaomba Mungu majirani wasiwaone.

Nani kati yetu hamjui mama wa namna hiyo? Mimi ninaye kwenye ukoo. Simtaji, anasoma hapa.

Sasa rudini kwa aliyeigiza. Patricia Routledge alizaliwa Februari 17, 1929 Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool. Baba yake alikuwa muuza nguo za kiume mwenye duka. Binti akasoma Kiingereza Chuo Kikuu cha Liverpool, na mwaka 1952 akaanza kazi jukwaani, Liverpool Playhouse. Hyacinth ilianza kuonyeshwa Oktoba 1990. Piga hesabu mwenyewe. Alikuwa na miaka 61, na nyuma yake kulikuwa na miaka 38 ya kazi. Ile miaka 38 ndiyo niliyoifuta kwa neno moja.

Kitu ambacho sikukijua siku ile, na ambacho hakikuwamo kwenye zile aya tatu, ni kwamba mama huyu alikuwa mwimbaji. Si wa kubahatisha. Mwaka 1968 alipata tuzo ya Tony kule New York kwa mchezo wa muziki uitwao Darling of the Day, akaigawana na Leslie Uggams kwa sababu kura zililingana. Mchezo wenyewe ulifungwa baada ya wiki chache tu, lakini tuzo akaondoka nayo. Mwaka 1976 akarudi Broadway na mchezo wa Leonard Bernstein, 1600 Pennsylvania Avenue, akicheza wake wa marais wa Marekani mmoja baada ya mwingine. Huo nao uliporomoka, maonyesho saba na basi. Mwaka 1988, huko London, akapewa tuzo ya Laurence Olivier kwa nafasi yake katika Candide, ambayo pia ni ya Bernstein.

Ukishajua hayo, rudi umtazame Hyacinth akimvizia Emmet, kaka yake Elizabeth, ambaye ni mwanamuziki. Hyacinth anataka apewe nafasi kwenye michezo yake, kwa hiyo akimwona tu anaanza kuimba. Emmet anajificha, anakimbia, anachungulia dirishani kabla ya kutoka nje. Ile sauti ni mbaya kwa namna ya pekee: ina nguvu, ina mafunzo, na inakwenda pembeni ya noti kidogo tu, pale pale inapouma. Asiyejua kuimba hawezi kukosea hivyo kila wiki, kwa kipimo kile kile. Nilikuwa nacheka bila kujua kwamba ninachekeshwa na mshindi wa Tony.

Mwenzangu kazini ananiambia nakuza mambo. Anasema kichwa cha habari ni cha msomaji, na msomaji anamjua Hyacinth, hamjui Routledge. Nakubali nusu. Lakini "Patricia Routledge wa 'Hyacinth' afariki" ni maneno matano, na yangeingia kama ningepunguza herufi kidogo. Sikufanya hivyo kwa uvivu. Nafasi haikuwa tatizo.

Tena yeye mwenyewe aliipigania hiyo tofauti akiwa hai. Keeping Up Appearances ilipokuwa bado inapendwa, mwaka 1995, aliamua kuacha. Mwandishi alikuwa tayari kuendelea, mama akasema inatosha. Alimtaja mchekeshaji Ronnie Barker, ambaye alikuwa na tabia ya kuondoka wakati mambo yakiwa bado juu, akasema ni afadhali watu waulize kwa nini umeacha kuliko waulize kama bado upo. Kipindi cha mwisho kilirushwa Krismasi ya 1995. Januari 1996 akaonekana tena BBC katika Hetty Wainthropp Investigates, safari hii ni mama wa kawaida wa Lancashire, mstaafu, anayegeuka mpelelezi. Hana maringo hata chembe. Msaidizi wake kijana aliigizwa na Dominic Monaghan, yule wa The Lord of the Rings.

Hakuolewa, hakupata watoto, na alikaa jukwaani hadi uzeeni. Mwaka 2017 alipewa cheo cha Dame. Hyacinth angezirai. Angepiga simu kwa mtaa mzima, na Richard, mumewe maskini, angeendesha gari hadi ikulu huku akielekezwa kila kona.

Mwenye muda atafute kazi alizofanya na mwandishi Alan Bennett. Mojawapo ni A Woman of No Importance, ya 1982. Nyingine ni A Lady of Letters, ya 1988, kwenye mfululizo wa Talking Heads. Hakuna waigizaji wengine, ni yeye na kamera. Mwanamke mpweke anaandika barua za malalamiko kwa kila mtu, barua zinamfikisha gerezani, na huko ndiko anakopata marafiki. Ni kama nusu saa tu. Mimi nimeitazama mara tatu wiki hii, na mara ya tatu sikucheka kabisa.

Zamu yangu inaanza saa kumi. Naondoka.