Mbunge Kusema si Hoja

Kila mwaka kati ya Aprili na Juni, Bunge likiwa Dodoma kwenye mkutano wa bajeti, simu za watu wa majimbo ya Lushoto, Mlalo na Bumbuli, kwenye milima ya Usambara, hujaa vipande vya video. Mheshimiwa amesimama, ametaja kata kwa jina, ameomba barabara, na wenzake wamempigia makofi mezani. Maoni yanayofuata ni yaleyale: huyu ndiye mbunge, anatusemea. Ambaye hakuonekana kwenye video hupachikwa jina la bubu, na watu humsubiri kwenye kura za maoni. Tumefika mahali tunampima mwakilishi kwa dakika alizoongea. Nasema imani hiyo ni potofu, na wanaofaidika nayo ni wanasiasa wa aina mbili: msemaji, anayepata sifa bila kazi, na waziri, anayejibu bila kutoa kitu.

Tazama swali la bungeni lilivyo. Mbunge huandika swali la msingi, nalo huanza kwa maneno ambayo kila msikilizaji wa redio anayajua: je, Serikali haioni umuhimu wa kufanya hili au lile? Waziri au naibu wake husoma jibu lililoandaliwa na wataalamu wa wizara. Ndiyo, Serikali inaona umuhimu. Upembuzi yakinifu unaendelea, na ujenzi utaanza kadiri fedha zitakavyopatikana. Mwuliza swali anayo maswali mawili ya nyongeza, ambayo mara nyingi hutanguliwa na shukrani kwa majibu mazuri ya Serikali. Kisha anaitwa mwingine, wa Kigoma au Lindi, naye anauliza umuhimu wake. Barabara ya Soni–Bumbuli–Dindira–Korogwe imetajwa bungeni kwa miaka na miaka kwa utaratibu huu. Anayeuliza kama Serikali haioni umuhimu ameshampa waziri mlango wa kutokea. Akiuliza ni shilingi ngapi zimetengwa mwaka huu, zimetoka ngapi hadi leo, na nani anawajibika kwa pungufu, waziri hatakuwa na pa kupita. Ila swali kama hilo halina mvuto kwenye video.

Tatizo kubwa zaidi ni kalenda. Bajeti ya Serikali haiandikwi Juni. Maandalizi huanzia vijijini na kwenye kata, halmashauri hupokea ukomo wa bajeti, na Baraza la Madiwani hupitisha makisio yake mwanzoni mwa mwaka. Makisio hayo hupita kwenye Kamati ya Ushauri ya Mkoa pale Tanga, yakaenda TAMISEMI na Hazina. Mbunge anapokuja kupaza sauti Mei, tarakimu zimeshakaa. Na hata akitaka kuziongeza, Ibara ya 99 ya Katiba ya 1977 inamzuia: Bunge haliwezi kushughulikia jambo la kutoza kodi au kutumia fedha za umma isipokuwa kwa pendekezo la Rais. Ibara ya 90 inaongeza kwamba Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Kinachobaki ni kushika shilingi ya mshahara wa waziri. Mbunge anatishia kuiondoa asipopata maelezo ya kuridhisha, waziri anaahidi, mwenyekiti anaomba hekima itumike, shilingi inarudishwa. Muda ukiisha inakuja gilotini na vifungu vinapitishwa kwa mkupuo. Nani amewahi kuona shilingi hiyo ikijenga kalvati?

Kama sauti na ukaribu na wakubwa ndivyo vinavyoleta maendeleo, basi Bumbuli ilipaswa kuwa ushahidi wa kwanza. Kiwanda cha chai cha Mponde kilisimama mwaka 2013 kwa mgogoro kati ya wakulima na mwekezaji. Mbunge wa Bumbuli alikuwa January Makamba, naibu waziri tangu 2012, kisha waziri kamili kuanzia Desemba 2015 hadi Julai 2019. Milima yote ya Usambara haikuwa na mtu aliyekaa karibu zaidi na meza ya Baraza la Mawaziri. Serikali ilikitwaa kiwanda mwaka 2016, na hata hapo miaka ikaendelea kupita bila majani kusindikwa. Tukumbuke kwamba chai mbichi haisubiri: ikishachumwa inatakiwa ifike kiwandani ndani ya saa chache, la sivyo ni takataka. Simlaumu Makamba, kwa sababu fundo halikuwa kwenye ulimi wa mbunge. Lilikuwa kwenye umiliki, mkataba wa ubinafsishaji na haki za chama cha wakulima, na walioanza kulifungua ni Msajili wa Hazina na mifuko ya hifadhi ya jamii, WCF na PSSSF. Wakulima walihitaji mtu wa kusoma mkataba kifungu kwa kifungu kabla mambo hayajaharibika. Hotuba baada ya mambo kuharibika ni rambirambi.

Au chukua lumbesa, jambo linalomuuma mkulima wa viazi na kabichi kuliko lami. Gunia linajazwa hadi mdomoni, linashonewa kipande kingine juu, linakandamizwa na kufungwa kwa kamba hadi linachongoka, kisha linahesabiwa kuwa gunia moja. Mkulima analipwa moja. Mnunuzi akifika nalo Dar es Salaam anauza kwa sado na kwa kilo. Wabunge wamelilaani jambo hili kwa miaka mingi na Serikali haijawahi kulitetea. Sheria ya Vipimo inalikataza, na kikomo cha gunia ni kilo 100. Hapa hakuna wa kushawishiwa Dodoma tena. Kinachokosekana ni mzani kwenye kituo cha kununulia, sheria ndogo ya halmashauri inayotekelezwa, na mtu wa geti la ushuru anayerudisha gari lililopakia lumbesa. Halmashauri yenyewe inapoteza, maana pale ushuru unapotozwa kwa gunia, gunia na nusu linalipiwa moja. Mbunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani kwa mujibu wa sheria. Tunajua idadi ya hotuba zake kuhusu lumbesa. Je, tunajua ni mara ngapi amelipeleka barazani?

Wapo watakaonijibu kwa hoja nzito: tozo ya mafuta. Kwa miaka kadhaa wabunge wa vijijini walilalamika kwamba TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 kuhudumia barabara za vijijini na mijini, inapata mgawo mdogo wa Mfuko wa Barabara ukilinganisha na TANROADS. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Kelele zilizaa matunda, watasema. Nakubali zilizaa, lakini tuangalie zilikuwa kelele za namna gani. Hazikuwa za mbunge mmoja kuombea kilomita zake. Wabunge wa majimbo mengi walidai jambo moja, kanuni ya kugawa fedha, na dai hilo likageuka kifungu cha sheria ambacho waziri hawezi kukisahau akishatoka ukumbini. Hapo Bunge lilifanya kazi ya Bunge. Kuomba kilomita za jimbo lako ni kugombania sahani na mbunge mwenzako ambaye kijiji chake nacho hakipitiki masika.

Wengine watasema halmashauri ninayoitukuza imekatwa mikono. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA mwaka 2016, mwaka uliofuata ushuru wa mazao ukateremshwa, barabara zikaenda TARURA, na maji yakaenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwa sheria ya 2019. Wana haki, na hoja hiyo inaniunga mkono. Mengi ya mamlaka hayo yaliondolewa kwa sheria zilizopita bungeni. Siku zile ndizo zilikuwa za kusema: halmashauri inayoishi kwa ushuru wa mazao itapata wapi fedha ya kujazia pengo? Sikumbuki video ya siku hizo ikisambazwa milimani, na hatukuuliza mbunge wetu alipiga kura gani.

Wapo pia wanaopendekeza mbunge apewe fungu kubwa atengeneze barabara mwenyewe; kwao nitasema machache. Tunao Mfuko wa Jimbo kwa sheria ya 2009, ni mdogo, na uendelee kuwa mdogo. Kenya walikwenda mbali kwenye njia hiyo, na Septemba 2024 Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba sheria ya mfuko wao inakwenda kinyume cha katiba. Anayepaswa kukagua fedha hawezi pia kuwa mgawaji.

Na milima hii haikuanza kusikilizwa kwa sababu ya wabunge. Mwaka 1946 serikali ya mkoloni ilianzisha Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko, kisha ikaueneza Usambara kwa amri za kuchimba matuta. Wasambaa hawakuwa na mtu waliyemchagua kwenye Baraza la Kutunga Sheria, kwa kuwa uchaguzi wa kwanza ulifanyika 1958. Waligoma mashambani, wakawabana machifu wao, wakahoji kwenye mikutano, na kabla muongo wa 1950 haujaisha mpango ulikuwa umekufa. Tunaweza kubishana kama matuta yalikuwa mabaya kwa udongo, lakini si juu ya nani aliyelazimisha jibu.

Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi, Lushoto na Bumbuli. Muulize diwani wako tarehe ya kikao cha bajeti, uende, uone kiti cha mbunge kina mtu au kitupu. Akija jimboni kukusomea alivyosema bungeni, mwombe akuonyeshe ukurasa wa bajeti wenye jina la barabara yako na kiasi kilichotoka. Asipokuwa nao, usimpigie makofi.