Gesi ya Bahari Kuu Haijawa Mali

Watu wengi siku hizi, wakiulizwa nchi ya Tanzania ina mali gani, huitaja gesi ya bahari ya Lindi na Mtwara kana kwamba imo ghalani na ufunguo tunao mfukoni. Na sisi walimu tumeshiriki kosa hili, kwa maana tumewafundisha watoto kuiandika katika orodha moja na korosho, mkonge na dhahabu. Twaandika leo kuipinga desturi hiyo. Korosho huvunwa, dhahabu huchimbwa ikauzwa. Bali gesi ile ya bahari kuu, tangu ilipoanza kuvumbuliwa mwaka 2010, haijauzwa hata futi moja.

Yatupasa kwanza kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ipo gesi ya karibu: ile ya kisiwa cha Songo Songo, upande wa Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay kule Mtwara, iliyogunduliwa mwaka 1982. Hiyo ndiyo inayofua umeme wa Dar es Salaam, na hiyo ndiyo ipitayo katika bomba kubwa lililokamilika mwaka 2015. Hata hivyo, ijapokuwa ya Songo Songo i karibu na nchi kavu, ilingoja hata mwaka 2004 ndipo ikaanza kufua umeme: miaka 30 kamili, mtoto aliyezaliwa siku ya ugunduzi akawa mzazi. Mwaka 2013 wenzetu wa Mtwara waliandamana kwa ajili ya bomba hilo, na watu wakapoteza maisha. Hatudhani kwamba walikuwa wameelezwa barabara ni gesi ipi itakayopita humo, ni ipi iliyobaki vilindini, na kwa nini.

Maana hiyo nyingine ni habari mbali kabisa. Mvuvi wa Lindi hutupa nanga yake katika pima chache akaona ni kilindi. Visima kama Zafarani, kilichochimbwa mwaka 2012, viko mwendo wa kilometa 100 hivi kutoka pwani, katika maji ya pima 1,300 na zaidi, na gesi yenyewe imo chini tena, ndani ya mwamba. Hakuna mzamiaji awezaye kufika huko. Kila kazi hufanywa kwa mitambo inayoongozwa kutoka juu melini. Baridi ya maji ya chini hukaribia ile ya barafu, na gesi ikichanganyika na maji kidogo katika baridi na uzito ule, hugeuka kitu kigumu kama theluji kikaziba bomba. Kwa hiyo hapana budi kupeleka dawa mpaka kisimani, jamaa ya ile itiwayo katika rejeta ya motokaa za nchi za baridi, kisha kuirudisha pwani, kuisafisha na kuipeleka tena. Wala sakafu ya bahari si uwanja. Ina magenge na mabonde, na bomba lazima lipande yote hayo hata lifike nchi kavu.

Likiisha kufika, kazi haijaisha. Nchi haitumii gesi ya kutosha kulipa gharama kama hizo. Yabidi iuzwe ng'ambo, na haiwezi kusafiri mbali hivyo ila ipoozwe mpaka digrii 162 chini ya baridi igandishayo maji. Hapo huwa kimiminika, na madebe 600 ya gesi hutosha katika debe moja, ikapakiwa katika meli zilizoundwa kwa kazi hiyo tu. Gharama ya mradi mzima ilipotajwa mwaka 2023 ilikuwa dola za Marekani bilioni 42. Msomaji asijaribu kuzigeuza shilingi, zitamchosha bure.

Tena bei haimo mikononi mwetu. Mwaka 2012 Wajapani, waliofunga mitambo yao ya nyuklia baada ya ajali ya Fukushima, walikuwa wakinunua kwa bei kubwa mno, na ndipo maneno ya utajiri yalipoanza kuvuma kwetu. Kufika mwaka 2016 bei hiyo ilikuwa imeshuka chini ya nusu, na Marekani nayo ikaanza kupakia gesi yake melini. Mwaka 2022, kwa vita vya Urusi na Ukraine, bei ikaruka tena. Nani atakopa bilioni 42 kwa kutazama mwaka mmoja?

Wako wasemao kwamba wageni wameikalia gesi yetu kwa hila. Twawauliza: Mnamo Januari 2021 kampuni ya Equinor ya Norway ilitangaza kwamba imefuta katika vitabu vyake dola milioni 982 za thamani ya mradi huu. Je, mwenye hila hujiandikia hasara mwenyewe? Yeye aliyekishika kisima aliiondoa katika hesabu ya mali zake, nasi mwaka uo huo tulikuwa tukiwasahihishia watoto vema kwa kuiandika katika hesabu ya mali zetu.

Wako na wengine, nao hatukubaliani nao, wasemao kwamba kosa ni sheria za mwaka 2017 zilizoipa nchi mamlaka ya kuichungua upya mikataba ya maliasili, na kwamba tungewapa wageni kila walitakalo tungekwisha kutajirika. Na watazame ng'ambo ya Ruvuma. Msumbiji walitangulia kutia sahihi, na meli yao ya kusindika gesi, Coral Sul, ilianza kupakia mwaka 2022. Bali ule mradi mkubwa wa nchi kavu ulisimama mwaka 2021 baada ya mji wa Palma kushambuliwa, wafanyakazi wakakimbia kwa mashua. Hatusemi kwamba gesi ndiyo iliyoleta vita. Twasema kwamba sahihi ya haraka si fedha ya haraka. Tena katika mikataba ya namna hii kampuni hujirudishia kwanza sehemu ya gharama zake katika gesi iuzwayo, ndipo faida igawanywe. Miaka ya mwanzo haina mafungu manono.

Basi ubaya wa kuhesabu samaki aliye baharini ni nini? Ubaya wake twauona Likong'o, karibu na mji wa Lindi, ambako zaidi ya hekta 2,000 zilitengwa kwa ajili ya mtambo. Kufika mwaka 2016 ardhi ilikuwa imekwisha kutengwa. Fidia ilianza kulipwa mwaka 2020. Mkorosho huanza kuzaa katika mwaka wa tatu. Lakini nani atapanda mkorosho katika shamba lililokwisha kuhesabiwa? Nani ataezeka upya nyumba atakayoambiwa kesho ahame? Hiyo ndiyo bei iliyokwisha kulipwa, nayo haikulipwa na serikali wala na kampuni. Mwaka 2022 mapatano ya awali yalitiwa sahihi, mwaka 2023 ikatangazwa kwamba mazungumzo yamekamilika, na mwaka huo ukapita pasipo mkataba.

Kwa hiyo twadai mambo haya. Kiongozi asimamapo jukwaani kuitaja gesi ya bahari kuu, na ataje pamoja nayo kina chake, gharama yake na mwaka wa kuanza kuuzwa. Akiwa hana mwaka, aseme hana. Shamba la mtu lisihesabiwe kabla fedha za kumlipa hazijawa tayari. Nasi walimu, katika somo la jiografia, tuifute katika orodha ya mazao na tuiandike katika ukurasa wa peke yake, tukiwaonyesha watoto bomba, baridi na deni. Na mtoto atakayeuliza kwa nini baba yake hakupanda mikorosho miaka ile, ajibiwe.